Sekunde Nne za Paris na Haki ya Kumuuliza Jaji

Jumatatu ya tarehe 5 Agosti, saa tisa alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la saluni ya kike mtaani kwetu, namsubiri mdogo wangu amalize kusukwa. Mwanaume nilikuwa peke yangu. Televisheni ya pale siku zote ni tamthilia za Kituruki, ila siku hiyo dada mwenye saluni alikuwa ameikamata rimoti na hataki mtu aiguse. Olimpiki ya Paris. Fainali ya jimnastiki ya wanawake, ile inayochezwa kwenye zulia kwa muziki.

Nikiri mapema kabla hamjaanza kunichambua kwenye maoni: mimi ni mtu wa mpira. Jimnastiki kwangu ilikuwa sarakasi tu zenye nguo za kumetameta. Jina nililolijua lilikuwa moja, Simone Biles, na nililijua kwa sababu dunia nzima inalijua. Nikajua nitasinzia.

Sikusinzia. Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo moja nililoliona pale, na kadiri tulivyoikaribia tarehe 27 Novemba 2024 ndivyo lilivyozidi kunikaa kichwani. Naomba mnivumilie nilieleze taratibu.

Aliyenifundisha mchezo ni msusi mmoja, kichana mdomoni, mikono ikiwa kwenye nywele za mdogo wangu. Nilimuuliza kijinga tu, "Sasa hawa majaji wanajuaje nani kashinda? Si wanapendelea tu?"

"Kaka, kuna alama mbili," akanijibu bila kunitazama. "Moja ya ugumu wa alichokifanya. Nyingine ya usafi wake. Zinajumlishwa."

Ndivyo ilivyo. Jopo moja linahesabu ugumu: kila mruko na kila mzunguko una thamani yake, imeandikwa kwenye kitabu cha kanuni ambacho kocha wa Marekani anacho, wa Brazil anacho na wa Algeria anacho. Jopo la pili linaanza na 10 na kukata. Kosa dogo, kama mguu kusogea kidogo wakati wa kutua, 0.1. Kosa la kati 0.3. Kubwa 0.5. Ukianguka, 1 nzima inaondoka. Halafu kati ya majaji wa usafi, aliyetoa alama ya juu kuliko wote anawekwa pembeni, na aliyetoa ya chini kuliko wote naye anawekwa pembeni, kisha waliobaki ndio wanaotafutiwa wastani. Yaani jaji mwenye mapenzi na jaji mwenye chuki wote wamefikiriwa tangu mwanzo.

Zulia lenyewe ni mita 12 kwa 12. Kukanyaga nje ya mstari kuna bei yake. Siku ile Biles alitoka nje mara mbili, akakatwa 0.6. Malkia wa mchezo, mtu ambaye kuna miruko kwenye kitabu inaitwa kwa jina lake, akakatwa kama mtoto aliyekuja jana. Akamaliza na 14.133. Rebeca Andrade wa Brazil akapata 14.166. Dhahabu ikaenda Brazil kwa tofauti ya 0.033. Saluni nzima ikapiga vigelegele kama vile Andrade amezaliwa Temeke.

Sasa njoo kwenye shaba, maana hapo ndipo penye somo.

Wasichana wawili wa Romania, Ana Bărbosu na Sabrina Maneca-Voinea, walikuwa wamelingana, 13.700 kila mmoja. Bărbosu alikuwa mbele kwa sababu usafi wake ulikuwa wa juu zaidi. Mchezaji wa mwisho kabisa alikuwa Jordan Chiles wa Marekani. Alama ikatoka: 13.666. Nafasi ya tano. Bărbosu akachukua bendera ya nchi yake, akaanza kushangilia. Kwetu saluni watu wakarudi kwenye nywele zao.

Kumbe kocha wa Chiles alikuwa ameshakwenda kwa majaji. Kanuni zinaruhusu. Ukiona alama ya ugumu haikuhesabiwa sawasawa unaomba ihakikiwe, unalipa ada, na ukionekana ulikuwa sahihi unarudishiwa. Wao walisema kuna mruko mmoja ambao haukupewa thamani yake. Majaji wakatazama upya, wakakubali, wakaongeza 0.1. Alama mpya: 13.766. Chiles akaruka kwa furaha. Bărbosu akadondosha bendera, akaondoka analia.

Saluni ikagawanyika. Nusu walipiga makofi. Mama mmoja mtu mzima, kichwa chake kikiwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, akasema, "Jamani, yule mtoto naye ana mama yake." Sote tukanyamaza.

Jukwaani walipanda wasichana watatu weusi. Biles na Chiles wakapiga goti mmoja kila upande, wakamnyooshea mikono Andrade aliyewashinda. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Nami nikaondoka saluni nimelipa, nikidhani hadithi imeisha.

Dakika moja

Siku tano baadaye, tarehe 10 Agosti, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikatoa uamuzi. Warumania walikuwa wamelalamika. Hoja yao haikuwa kwamba mruko wa Chiles haukustahili thamani ile. Hoja ilikuwa saa. Mchezaji wa mwisho kwenye fainali ana dakika moja tu ya kuomba uhakiki baada ya alama yake kuonyeshwa. Kumbukumbu rasmi ilisema ombi la Marekani liliingia baada ya dakika moja na sekunde nne. Sekunde nne! Ombi likahesabiwa kuwa limechelewa, alama ikarudi 13.666, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamtaka Chiles arudishe medali. Bărbosu akavalishwa shaba yake Bucharest tarehe 16 Agosti.

Marekani wakaja na video wakisema inaonyesha kocha aliomba kwa mara ya kwanza sekunde 47 baada ya alama kutoka, yaani ndani ya muda. CAS ikajibu kwamba kanuni zake haziruhusu kuifungua upya kesi iliyokwisha kuamuliwa. Katikati ya Septemba 2024 Chiles alikata rufaa kwenye Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi. Mawakili wake walisema hakupewa nafasi ya kusikilizwa ipasavyo, na walilalamika pia kwamba mwenyekiti wa jopo lililoamua aliwahi kuwa wakili wa Romania kwenye kesi nyingine.

Na msimsahau yule Mrumania wa pili. Maneca-Voinea alikatwa 0.1 kwa madai kwamba amekanyaga nje ya mstari. Picha za marudio ziliwafanya watu wengi waamini kisigino chake hakikugusa nje. Bila kosa hilo angekuwa na 13.800, juu ya Bărbosu na juu hata ya ile 13.766 ya Chiles. Lakini upande wake haukuliombea jambo hilo uhakiki kwa wakati. Alipofika CAS, akakataliwa.

Wasichana watatu, medali moja, na kila mmoja ana machozi yenye sababu. Nani kawakosea? Katika uamuzi wao wenyewe, CAS walieleza kwamba shirikisho la jimnastiki la kimataifa halikuwa na utaratibu wa kuihakiki ile dakika moja pale pale ukumbini. Hakuna aliyemwambia kocha "samahani, umechelewa". Ombi lilipokelewa, likajadiliwa, likakubaliwa, medali ikavalishwa. Kanuni ya dakika moja ilikuwepo kwenye karatasi, ila pale mezani hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kuilinda. Kwa hiyo walioumia ni wachezaji.

Hawakuanzia hapo

Mtu atasema, basi mchezo wenyewe ni wa hovyo, unatuletea mfano gani? Hapana. Mfano upo kwenye jinsi mchezo huu unavyojirekebisha.

Mwaka 1976 kule Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, binti wa miaka 14, alipata 10 kamili. Ubao wa matokeo haukuwa umetengenezwa kuonyesha 10.00, ukaonyesha 1.00. Kwa miaka mingi 10 ndiyo ilikuwa kilele, ila mtazamaji wa kawaida hakuweza kujua hiyo 9.8 ya fulani imetoka wapi.

Ikaja Athens 2004. Yang Tae-young wa Korea Kusini alikosewa hesabu ya ugumu kwa 0.1, na alimaliza wa tatu nyuma ya Paul Hamm wa Marekani kwa 0.049 tu. Shirikisho likakiri kosa na kuwasimamisha majaji watatu. Lakini malalamiko yalichelewa, na CAS ikakataa kubadili matokeo. Michezo hiyo hiyo, Alexei Nemov wa Urusi alipewa alama ya chini kwenye chuma cha juu, ukumbi mzima ukazomea kwa dakika nyingi. Majaji wakaipandisha kutoka 9.725 hadi 9.762. Medali hakupata, na mwishowe ni Nemov mwenyewe aliyesimama kuwaomba watazamaji watulie.

Baada ya aibu ile, mwaka 2006 mfumo wote ulibadilishwa. Ndipo zilipokuja hizi alama mbili alizonieleza msusi wangu, zinazoonekana na kila mtu, kila moja ikiwa na chanzo chake. Na matunda yalionekana. London 2012, Aly Raisman aliombewa uhakiki kwenye ule ubao wa upana wa sentimita 10, alama ikapanda, akapata shaba. Michezo hiyo hiyo Japani waliomba uhakiki kwenye fainali ya timu za wanaume wakapanda kutoka nafasi ya nne hadi ya pili. Ukraine wakashuka hadi wa nne. Uingereza, wenyeji wa mashindano, mbele ya watu wao, wakashushwa kutoka fedha hadi shaba. Mwenyeji akakubali!

Kwa hiyo ninachokionea wivu kwenye jimnastiki si majaji malaika. Majaji wao wanakosea sana tu. Ninachokionea wivu ni kwamba mchezo wenyewe unakiri, kwa maandishi, kabla mashindano hayajaanza, kwamba jaji anaweza kukosea. Halafu unakwambia: ukiona amekosea, mlango ni huu, muda ni huu, ada ni hii.

Turudi nyumbani

Mnajua ninakoelekea. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi huo. Hakuna dakika moja wala sekunde nne. Ubao ukishawaka, umewaka. Wakili Jebra Kambole aliipeleka ibara hiyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inakaa hapa hapa Arusha, na Julai 2020 mahakama hiyo ikasema inakiuka Mkataba wa Afrika. Hadi mwaka 2024, miaka minne baadaye, ibara ilikuwa pale pale.

Msidhani ni mambo ya wazungu. Jirani zetu Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais na kuagiza uchaguzi urudiwe. Malawi walifanya hivyo Februari 2020. Nchi hazikuzama. Watu walirudi kwenye foleni wakapiga kura.

Na hata pale ambapo sisi tuna mlango, tujiulize upana wake. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wote tunaukumbuka. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa sababu za fomu, vyama vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa kimeshinda kwa zaidi ya asilimia 99. Ule wa Novemba 2024 ulikuwa chini ya usimamizi wa TAMISEMI, iliyokuwa chini ya Ofisi ya Rais, na Rais ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama kimojawapo kati ya vilivyoshindana. Chiles alilalamika kwamba jaji aliwahi kumtetea mpinzani wake, tena kwenye kesi nyingine. Sisi tuseme nini?

Lakini sikukaa kuandika haya ili tulalamike kisha tukalale. Nina mambo matatu kwa vijana wenzangu, na la tatu mtanichukia kidogo.

La kwanza, tujue kitabu cha kanuni kuliko wao. Kocha wa Chiles alijua mruko ule una thamani gani na alijua aende meza gani. Ni wangapi kati yetu tumesoma kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa? Pingamizi linawekwa kwa nani, ndani ya siku ngapi, kwa maandishi ya namna gani? Kijana anaweza kuandika nyuzi 40 mtandaoni kuhusu wizi wa kura ila hajui fomu ya mgombea wake ilitakiwa isainiwe wapi. Maneca-Voinea huenda alikuwa na haki yote, lakini haikuombwa kwa wakati, na ikapotea. Najua kuna ofisi zitafungwa makusudi siku ya mwisho, msimamizi "ametoka kidogo" hadi jioni. Ndiyo maana mtu asisubiri siku ya mwisho.

La pili, ushahidi. Ile video ya sekunde 47 ilikuwepo, ila ilifika mezani baada ya uamuzi. Ushahidi unaochelewa ni kama mvua baada ya mavuno. Wakala wetu akikabidhi barua, apate sahihi, tarehe na saa. Akikataliwa sahihi, aandike nani kakataa, saa ngapi, mbele ya nani. Matokeo yakibandikwa, yapigwe picha yasomeke. Si ya kurusha mtandaoni tu kupata watu wa kupenda. Yatunzwe, yapelekwe kwa wanasheria wetu siku hiyo hiyo.

La tatu ndilo hili. Baada ya shaba ile kuanza kugombaniwa, mitandao iligeuka jalala. Chiles alitukanwa matusi ya kibaguzi. Upande wa pili wapo waliomvamia Bărbosu, binti ambaye kosa lake lilikuwa kusimama alipoambiwa asimame. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameshika saa. Na sisi tuna tabia hiyo. Matokeo yakituumiza tunamvamia mwalimu aliyepangiwa kusimamia kituo, tunamtukana mgombea wa upande wa pili hadi mama yake, tunaacha aliyeandika kanuni mbovu anakunywa chai. Tumdai anayedaiwa. Binti wa watu aliyeshindana kwa haki mwache apumue.

Na siku tukipewa mlango tunaoudai, tukaingia, tukasikilizwa, ushahidi ukatazamwa hadharani, halafu tukaambiwa hapa hamkushinda, tutakubali? Uingereza walishuka jukwaani kwao. Tukitaka jaji anayeulizika, tukubali kwamba jibu lake linaweza kutuuma.

Nimalizie na kitu cha furaha. Jumapili, siku moja kabla ya fainali ile ya zulia, kulikuwa na fainali ya vyuma viwili, kimoja juu kimoja chini. Hiyo niliitafuta kwenye simu baadaye, bando langu lote likaishia huko. Kaylia Nemour, miaka 17, mzaliwa wa Ufaransa mwenye baba Mualjeria. Aligombana na shirikisho la Ufaransa baada ya upasuaji wa goti, katika mvutano wa kuruhusiwa kushindana, akaamua kuichezea Algeria. Alipata 15.700. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Afrika nzima, na ilikuwa dhahabu. Alipoona namba ile ubaoni alishika mdomo, macho yamemtoka. Hakuna mtu aliyeihoji, kwa sababu kila mtu aliona imetoka wapi.

Wakati huo nilipita tena saluni. Yule msusi akaniuliza, "Kaka, ile kesi ya medali imeishia wapi?" Nikamwambia iko mahakamani Uswisi. Akatikisa kichwa, akasema, "Bora wao wana pa kwenda."

Tukatafute na sisi pa kwenda. Tuanze na fomu za mtaani kwako. Umeshauliza zinatoka lini?